Shimo Lenye Mti Katikati

Swali lilikuwa la alama mbili tu: "Eleza maana ya neno 'shimo', kisha ulitumie katika sentensi." Nililitunga mwenyewe usiku mmoja nikiwa fildi mjini Morogoro mwaka jana, kwa ajili ya mtihani wa katikati ya muhula wa Kidato cha Pili. Nililiona jepesi mno, nikaliweka la kwanza ili liwatoe wanafunzi woga.

Karibu darasa zima waliandika nilichokitaka, kwamba shimo ni mahali palipochimbwa au palipodidimia ardhini. Sentensi zao zilikuwa za choo, za takataka, za mbuzi aliyetumbukia. Mwanafunzi mmoja akaandika hivi: "Shimo ni kuanzia pale mtu anapoanza kupiga mpira mpaka anapoutumbukiza. Shimo la saba lina mita mia nne na mti katikati."

Nilicheka peke yangu. Nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na pembeni nikaandika: "Mti utaotaje katikati ya shimo? Soma swali."

Yule kijana alipata 28. Wenzangu wa elimu mnajua 28 ni nini. Ni F. Angepata zile mbili zangu angekuwa na 30, yaani D. D si ya kujivunia, lakini pale shuleni tofauti ya F na D ilikuwa ni tofauti kati ya kubaki darasani na kurudishwa nyumbani ukamlete mzazi.

Siku ya pili yake akaja na mjomba wake. Tukasalimiana, mzee akaomba aione karatasi. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Samahani mwalimu, hapa kijana amekosea nini?" Nikaanza kumweleza habari za maana ya msingi na kuelewa swali. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema: "Lakini mwalimu, shimo la saba mti lina kweli. Ungefika ukauona. Ukipiga vibaya, mpira unagonga pale na kurudi."

Mzee alikuwa kedi, yaani mbeba mikoba ya wachezaji wa gofu. Kijana alikuwa akiishi kwake. Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani kuangalia shimo lenye mti katikati, na mengi ya makala hii nilianza kuyafikiria siku ile.

Mashimo ya mjomba

Kwa sisi ambao gofu tunaiona kwa mbali tukiwa ndani ya daladala, tuanze na mambo ya msingi.

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Viwanja vingine vina tisa, na wachezaji huyazunguka mara mbili. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni uwanja wenye vishimo 18 vya kuingizia mpira, na hujakosea. Vipo, na vipimo vyake vinajulikana. Kila kimoja kina kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua milimita 101.6. Kipenyo hicho ndicho kinachotumika dunia nzima tangu kilipowekwa rasmi mwaka 1891. Kishimo hicho kipo kwenye eneo la nyasi fupi sana ambalo makedi huliita grini, na ndani yake husimama mlingoti wenye bendera ili mtu akione kilipo kutoka mbali.

Hiyo ni maana ya kwanza. Sasa msikilize kedi akizungumza: "Shimo la nne ni refu." "Tumebakiza mashimo matatu." "Lile shimo lina kona." Hapa hazungumzii kile kitobo cha milimita 108. Anazungumzia safari nzima, kutoka pale mchezaji anapouweka mpira juu ya kijiti na kuupiga pigo la kwanza, kupitia nyasi, miti, maji na mchanga, hadi unapotumbukia. Safari hiyo inaweza kuwa mita 150 au ikazidi 500, na kila moja ina idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuyatumia: matatu, manne au matano.

Kwa hiyo kijana wangu aliandika ufafanuzi sahihi wa maana ya pili. Tena aliuandika kwa ufupi kuliko mimi hapa.

Kuna ushahidi mzuri kwamba maana hizi mbili ni tofauti kwelikweli. Huko St Andrews, Uskoti, mji maarufu kuliko yote katika historia ya mchezo huu, hapo zamani wachezaji walikwenda mpaka mwisho wa uwanja kisha wakarudi kwa njia ileile, wakilenga vishimo vilevile. Mzunguko mmoja ulihesabiwa kuwa na mashimo 22. Mwaka 1764 wakaamua kuyaunganisha mashimo manne ya mwanzo yawe mawili. Yalipopungua mawili wakati wa kwenda, yakapungua mawili pia wakati wa kurudi, hesabu ikawa 18. Namba tunayoisikia leo ilianzia hapo. Angalia sasa: kishimo kimoja ardhini kilikuwa kinahesabiwa mara mbili, kwenda na kurudi. Mtu angeyatafuta mashimo yote 18 kwa jembe na futi asingeyapata. Yalikuwa safari.

Maana ya tatu nilionyeshwa na mjomba mwenyewe tulipopita karibu na kichuguu. Mpira ukitua ndani ya shimo lililochimbwa na mnyama, sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kuutoa na kuuangusha pembeni bila adhabu. Mashimo ya minyoo na wadudu hayahesabiwi. Hapa neno limerudi kwenye maana yetu ya kawaida kabisa, shimo kama shimo, lakini limepata nguvu ya kisheria: mtu ataulizwa nani amelichimba kabla ya kuruhusiwa kuugusa mpira.

Halafu kuna utani wa wachezaji. Wakimaliza mashimo 18 huenda "shimo la 19". Hilo ni baa.

Nilipomuuliza mjomba yeye mwenyewe shimo analielewaje, hakunipa hata moja kati ya hizo nne. Alisema: "Mwalimu, sisi tunalipwa kwa mashimo. Tisa ina hela yake, kumi na nane ina hela yake. Nikirudi nyumbani wananiuliza, leo mangapi?" Nyumbani kwa yule kijana, neno nililolitungia swali jepesi lilikuwa kipimo cha unga.

Kosa langu nililifanya nikiwa nimesimama karibu na choo

Mwenye kunitetea angesema: sawa, lakini hiyo ni lugha ya gofu, na mtihani ni wa Kiswahili. Hata mimi nilijitetea hivyo, kwa siku mbili hivi. Kilichonishinda ni choo.

Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu palikuwa na takwimu za shule: idadi ya wanafunzi, madawati, na matundu ya vyoo. Sote tunajua lugha hiyo. Mwongozo wa shule zetu unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kiongozi akija kuzindua, anazindua "matundu kumi ya vyoo", na hakuna anayecheka.

Lakini tundu ni nini? Ni uwazi mdogo: tundu la sindano, matundu ya pua, tundu la ufunguo. Katika "matundu kumi ya vyoo" tunamaanisha vyumba kumi vyenye kuta, milango na paa. Tumechukua jina la kile kilicho katikati, tena kidogo kabisa, tukalipa jengo zima. Kedi naye amefanya hivyohivyo. Amechukua jina la kishimo cha mwishoni akalipa njia nzima inayokwenda hapo. Tundu la choo lina mlango na shimo la gofu lina mti. Mimi niliyeandika "mti utaotaje katikati ya shimo" sikuwahi kumuuliza mwalimu mkuu mlango unafungwaje kwenye tundu.

Katika semantiki tunaiita metonimia, yaani kitu kupewa jina la kingine kilicho karibu nacho. Wala si jambo la wataalamu. Mwezi ni kile tunachokiona angani usiku, na mwezi ni siku 30 zinazohesabiwa kwa safari ya kile tunachokiona. Kituo ni pale daladala inaposimama, lakini ukiambiwa "ni vituo vitatu tu kutoka hapa" umeambiwa umbali. Lugha yetu imezoea kazi hii. Kedi hakuiletea jambo geni.

Shimo, tundu, tobo

Ili tuelewe shimo limefikaje huko, tulitofautishe kwanza na ndugu zake. Nilijaribu zoezi hili na darasa wiki iliyofuata, na wanafunzi walilipenda kuliko kitu chochote nilichofundisha muhula ule.

Shimo kwa kawaida lina mwisho. Unaingia, unafika chini, unakuta kitako. Tundu linaweza kupita hadi upande wa pili, na hata lisipopita, sifa yake kubwa ni udogo. Tobo linapita, tena mara nyingi limetokea kwa kuharibika: tobo la ndoo, tobo la suruali. Ndiyo maana mchezaji wa mpira akipitishiwa mpira katikati ya miguu tunasema amepigwa tobo. Hatusemi amepigwa shimo, maana mpira umetokea upande wa pili na mwenyewe ameshaufuata. Kisima ni shimo lenye maji na faida. Handaki ni shimo refu la kujificha au kupita. Kaburi ni shimo pia, ila hakuna mwenye adabu anayeliita hivyo mbele ya wafiwa.

Kutoka kwenye ile sifa ya kuwa na mwisho, shimo limetembea mbali. Pwani limekuwa jina la mahali. Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, ni mji wenye mapango yaliyoupa jina lake. Shimo la Tewa, kaskazini mwa Mombasa, limebeba jina la samaki. Kule Newala, mkoani Mtwara, kuna Shimo la Mungu, ambapo ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla na kukuacha ukitazama bonde kubwa chini. Hilo halikuchimbwa na mtu, na jina linakuambia hivyo.

Kwenye machimbo ya dhahabu shimo ni mali. Mwenzangu wa chumbani anatoka Geita, na kwao "mwenye shimo" ni mtu anayesalimiwa kwa heshima. Shimo la dhahabu "likitema", mji mzima unajua. Likikataa kutema, mji unajua pia.

Kwenye sayansi tuna shimo jeusi. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la katikati ya galaksi ya M87, ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019. Hapa neno limefika mahali pa kushangaza, kwa sababu shimo jeusi si uwazi. Ni maada nyingi kupita kiasi iliyobanana mahali padogo, kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Limeitwa shimo kwa kuwa kinachoingia hakirudi. Kitabia ni shimo, ingawa kwa umbo silo.

Kwenye maisha yetu hapa chuoni, anayekupangia mabaya amekuchimbia shimo, na wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Bumu likichelewa unatumbukia kwenye shimo la madeni ya mama ntilie. Mitihani ikikaribia "unajichimbia" maktaba na desa lako. Ukijua duka la mitumba la bei nafuu una "chimbo", na unamwonyesha rafiki wa karibu tu.

Neno moja au maneno mengi?

Hapa wenzetu wa isimu watauliza: je, haya yote ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno kadhaa yaliyofanana kwa bahati?

Tofauti hiyo ni muhimu. "Kaa" la moto na "kaa" wa baharini ni maneno mawili yanayotamkwa sawa, na hakuna njia ya kutoka moto hadi gando. "Paa" la nyumba na "paa" wa porini ni hivyohivyo, na hata ngeli zake zinatofautiana. Hizo ni homonimu. Shimo ni polisemia: neno moja lenye maana zinazoshikana mikono. Unaweza kuanza na shimo la taka, ukaenda kwenye kishimo cha gofu kwa kupunguza ukubwa, ukatoka hapo hadi njia ya mita 400 kwa metonimia, ukafika kwenye ujira wa kedi kwa kuhesabu njia hizo. Kila hatua ina sababu.

Kwa mwalimu faida yake ni hii. Homonimu unalazimika kuzikariri. Polisemia unaweza kuifuata, na mwanafunzi akikuletea maana usiyoijua unaweza kumwambia, "Nipeleke, nione ulikopita." Yule kijana angenipeleka kwa dakika mbili kama ningemuuliza. Sikumuuliza.

Viulize vitenzi

Baada ya safari yangu ya uwanjani nilibadilisha namna ya kufundisha somo hili, na naiweka hapa kwa wanaokwenda fildi. Badala ya kuuliza "shimo ni nini?", niliuliza: "Shimo hufanywa nini?" Tuliyakusanya majibu ubaoni.

Shimo la barabarani huzibwa.
Shimo la choo hujaa, likajengewa jingine.
Shimo la taka hufukiwa.
Shimo la dhahabu hushukwa, nalo hutema.
Shimo la panya huvizia mtu wa kulimwagia maji.
Shimo la gofu huchezwa, humalizwa, na hulipwa.

La panya lilizua kelele, kwa sababu aliyelitaja alikosea sarufi na wenzake wakamrekebisha wenyewe: shimo halivizii mtu, mtu ndiye hulivizia. Sikuhitaji kufungua mdomo. La mwisho alilitaja yeye, kijana wa 28, kwa sauti ya chini. Darasa likageuka kumtazama. Mmoja akamuuliza shimo linachezwaje, akasimama na kuchora ubaoni kijiti, mti, mchanga, bendera. Maswali yalidumu hadi kengele.

Jambo ambalo vitenzi hufanya na maana peke yake haifanyi ni hili: vinaonyesha ni kina nani wanaolitumia neno na wanalifanyia kazi gani. Shimo linalozibwa lina halmashauri nyuma yake. Lililofukiwa lina jirani aliyechoka na harufu. Linalolipwa lina mjomba aliyebeba mkoba tangu asubuhi. Ukikusanya vitenzi, umewakusanya na watu.

Sisemi kila jibu ni sahihi. Mwanafunzi akiniandikia kwamba shimo ni mlima nitampa sifuri na nitalala usingizi. Kipimo ninachokitumia sasa kina maswali matatu: Je, wapo watu wanaolitumia neno hivi? Je, naweza kuifuata njia kutoka maana ninayoijua? Je, sentensi yake inaeleweka kwa watu hao? Jibu la yule kijana lilipita yote matatu. Swali langu ndilo lililofeli, maana liliuliza maana ya neno bila kusema maana ya wapi. Siku hizi ninaandika sentensi kwanza, kisha naomba maana ya neno *katika sentensi hiyo*. Linachukua mstari mmoja zaidi.

Alama mbili

Nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma kuomba kurekebisha alama. Aliniuliza kama mzazi amenishawishi. Nikamwambia hapana, nilikosea kusahihisha. Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu cha kusema, kisha akafungua daftari, nikafuta 28, nikaandika 30, nikaweka sahihi yangu pembeni. Ilinionea aibu kuliko nilivyotegemea, na nadhani ndiyo sababu walimu wengi hawaifanyi safari ile.

Kijana nilimrudishia karatasi yake. Ile sentensi yangu nyekundu kuhusu mti nilikuwa nimeikata kwa mstari na juu yake nikaandika "Sahihi". Aliikunja mara nne akaiweka mfukoni. Akaniuliza kama niliuona mti. Nikamwambia niliuona, ni mwembe. Akasema watu wengi hudhani ni mkungu.

Mnaokwenda fildi Julai, mtapangwa karibu na ziwa, karibu na mgodi, karibu na mashamba ya mkonge, karibu na bandari. Kila mahali hapo kuna maneno yetu ya kawaida yanayofanya kazi tusiyoijua, na watoto wanaoyasikia kila jioni wakati wa chakula. Kabla kalamu nyekundu haijagusa karatasi, muulize mtoto, "Hili umelisikia wapi?" Mimi swali hilo lingeniokolea aibu ya daftari la taaluma, na lingemwokoa yeye na siku mbili za kukaa nje ya darasa kwa kujua jambo ambalo mwalimu wake hakulijua.